Rajamu ya Uongo katika Pwani ya Ruvuma

Mwezi wa Machi, mwaka wa 2021, nilinunua programu ya kompyuta ya kuandikia kwa mfanyabiashara nisiyepata kumwona uso. Nilikuwa Msimbati wakati huo, katika ile rasi ya mchanga inayoikinga Ghuba ya Mnazi na mawimbi ya bahari kuu, nikikusanya maneno ya wavuvi: majina ya pepo, ya nyavu, ya samaki, na ya viungo vya chombo tangu omo hata tezi. Programu yangu ya zamani ilikuwa imepitwa na wakati, na duka lenye kuuza kitu cha namna hiyo lilikuwa mbali. Muuzaji alijitangaza mtandaoni kwa Kiswahili fasaha, na juu ya tangazo lake iliwekwa rajamu ya kampuni iliyotunga programu ile, imechorwa vema bila ya upungufu. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya dukani, lakini haikuwa ndogo kiasi cha kumtia mtu shaka. Nilipeleka fedha kwa simu. Saa moja haikutimia nikaletewa ufunguo, yaani herufi na tarakimu 25. Nikauandika mahali palipotakiwa, programu ikafunguka, nami nikafanya kazi miezi saba bila ya kuona kasoro yoyote.

Kama mambo yangalikoma hapo nisingalikuwa na neno la kuandika. Lakini niliporudi chuoni niliwasifia wanafunzi wangu yule muuzaji, na watatu kati yao wakanunua kwake. Mwezi wa Oktoba tangazo lilitokea juu ya kila ukurasa nilioufungua, likinijulisha kwamba nakala yangu si halali. Siku chache baadaye programu ilikubali kunionyesha maandishi yangu mwenyewe, ikakataa kuniachia niyaongeze wala niyasahihishe. Nilikuja kufahamu kwamba ufunguo ule ulikuwa umetolewa kwa taasisi moja ya ng'ambo kwa matumizi ya watumishi wake tu. Mtu fulani akauchukua, ukauzwa tena na tena kwa watu wengi. Wanafunzi wangu nao walifungiwa, mmoja wao zikiwa zimesalia wiki mbili tu awasilishe tasnifu yake. Muuzaji hakupatikana tena.

Nilitaka kuwarudishia fedha zao. Wawili walipokea. Wa tatu, yule mwenye tasnifu, alikataa, akasema: "Mwalimu, hukuniuzia wewe. Nawe ulinunua kama mimi." Yalikuwa maneno ya adabu, walakini hayakunipa raha, maana ni kweli sikumwuzia, lakini ni mimi niliyempeleka. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za biashara ya zamani ya pwani hii kwa jicho jingine, na makala haya yametokana na kusoma huko.

Msomaji asiyeijua nchi hii na aelewe kwanza mahali penyewe. Bandari ya Mtwara ya leo ni kitu kipya: ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga, na gati lake lilikamilika mwaka wa 1954, mpango wenyewe ukiwa umekwisha kufa. Kabla ya hapo biashara ilikuwa Mikindani, kilomita kama 10 hivi kutoka mjini Mtwara, katika hori iliyofunikwa vizuri na nchi kavu. Kusini mashariki yake ipo Ghuba ya Mnazi. Kisha mlango wa mto Ruvuma wenye mikoko na mafungu ya mchanga. Kisha Ras Delgado upande wa Msumbiji. Kutoka Mikindani misafara ilipanda uwanda wa Wamakonde ikaelekea kwa Wayao na Ziwa Nyasa. David Livingstone alishuka hapo mwezi wa Machi 1866, baada ya kuona kwamba mlango wa Ruvuma haufai kwa wanyama na mizigo yake, naye kama kila msafiri alichukua nguo na shanga, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa fedha ya bara. Zilizoteremka pwani zilikuwa pembe, sandarusi, na watumwa; baadaye mpira wa porini.

Nguo iliyopendwa kuliko zote katika biashara hiyo ilikuwa marekani: nguo ya pamba nzito, isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyolala, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Ilipimwa kwa shuka ya mikono minne, kwa doti ya mikono minane, na kwa jora zima. Wafanyabiashara wa mji wa Salem waliileta Unguja katika merikebu zao, na urafiki huo wa biashara ulitiwa muhuri na mapatano yaliyofanywa Maskati mwezi wa Septemba 1833 baina ya Sayyid Said na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Mwaka wa 1837 balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye mtu wa Salem, alikaa Unguja, akawa mfanyabiashara kuliko alivyokuwa balozi. Salem wenyewe wakaanzisha kiwanda chao kikubwa cha kufuma kwa nguvu za mvuke, Naumkeag, kilichoanza kazi mwaka wa 1847. Kutoka Unguja nguo ilipakiwa majahazini ikaenda Kilwa, Lindi na Mikindani.

Penye kitu chenye sifa hapakosi mwenye kuiba sifa ile. Ushahidi ulio wazi umo katika kitabu cha W. S. W. Ruschenberger, daktari wa manowari ya Kimarekani Peacock, aliyefika Unguja mwezi wa Septemba 1835. Anaeleza kwamba Waingereza walijaribu kuiga nguo ya Kimarekani kwa kuipiga nguo yao rajamu za Kimarekani, na kwa hila nyingine za kuifananisha. Lakini wenyeji walikwisha jua kuwa ile ya Marekani ina nguvu zaidi na huvaliwa kwa muda mrefu zaidi, hata kwa kuogopa kudanganywa wakaacha kabisa kununua nguo kwa Mwingereza. Ni kweli kwamba mwenye kusema ni Mmarekani anayeisifu bidhaa ya kwao, na msomaji ana haki ya kupunguza kidogo. Walakini jambo lenyewe halipunguki: kabla ya mwaka wa 1835 viwanda vya upande wa pili wa dunia vilikuwa vikipiga rajamu ya uongo kwa ajili ya macho ya wanunuzi wa pwani hii, na wanunuzi hao waliutambua uongo na kuutolea hukumu.

Ningependa tusimame kidogo juu ya hukumu hiyo, kwa sababu katika vitabu vingi mtu wa Afrika ya Mashariki anaonyeshwa kama mtu anayepokea tu kitu chochote kinachoteremshwa melini. Hapa hakupokea. Tena hakuitesa nguo moja au mfanyabiashara mmoja, bali alikataa kundi zima la wauzaji mpaka watakapojirekebisha. Aliwezaje? Aliweza kwa sababu nguo ni kitu cha kushikwa. Rajamu ilisemezana na jicho, lakini mnunuzi alikuwa na vidole vya kuivuta nguo, sikio la kusikiliza inavyolia ikichanwa, na zaidi ya yote alikuwa na maji. Katika miaka iliyofuata, hasa baada ya pamba kuadimika, wafumaji wa Lancashire walijulikana duniani kwa kuishindilia nguo nyepesi wanga na ule udongo mweupe wa kufinyangia vyombo vya kauri, ikawa nzito mizanini na ngumu mkononi. Watu wa India na Uchina walilalamika sana juu yake. Nguo ya namna hiyo ikifuliwa mara moja, uzito wake huenda na maji.

Lakini ushahidi huo wa maji ulimfaa mtu aliye karibu na duka. Aliyeko bara, mwendo wa mwezi mmoja au miwili kutoka Mikindani, alipewa nguo iliyokunjwa, iliyofungwa robotani, naye hakuifua siku ile. Mpaka alipokuja kuifua, msafara ulikuwa umekwisha kuondoka na pembe zake. Hapo ndipo ninapomfikiria kiongozi wa msafara. Yamkini alikopeshwa robota zile na tajiri wa Kihindi wa Mikindani, aliyeletewa na nduguye wa Unguja, aliyenunua kwa wakala wa Kizungu, asiyepata kukiona kiwanda. Kila mmoja katika mlolongo huo aliweza kuapa kwamba alinunua kama mwenzake, na kiapo chake kingekuwa kweli. Na bado mtu mmoja mwishoni mwa njia amevaa kitambaa kinachoachia. Atamlaumu nani mwaka ujao, kama si yule anayemjua kwa sura? Atamlaumu kiongozi wa msafara. Mwanafunzi wangu alikuwa mwema kuliko huyo wa bara, au alisoma sheria zaidi.

Haki inanidai niseme pia habari za upande wa pili, maana pwani hii haikuwa ya kudanganywa tu. Merikebu zilezile za Salem zilizoleta marekani zilirudi na sandarusi, ile gundi iliyoganda ardhini kwa karne nyingi mahali palipokuwa na misitu ya misandarusi, na ambayo kule Amerika na Ulaya iligeuzwa vanishi bora ya kupaka magari ya farasi. Richard Burton, aliyekuwa katika pwani hii baina ya mwaka wa 1857 na 1859, aliihesabu nchi ya sandarusi kuwa inaanzia kusini ya nyuzi tatu za latitudo na kuishia Ras Delgado. Maana yake Mikindani, Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma vyote vimo ndani yake. Sandarusi ya kweli huchimbwa katika udongo mwekundu. Lakini mti ulio hai nao hutoa gundi, nayo ni laini, haifai kwa vanishi nzuri. Watu wa pwani waliiita chakazi, na wafanyabiashara wa Kizungu, kwa kutosikia vizuri, wakaligeuza neno hilo kuwa jina la punda katika lugha yao. Chakazi ikichanganywa na sandarusi ndani ya kikapu, yote ikiwa imefunikwa mchanga na vumbi, si rahisi kuipambanua.

Mnunuzi wa Salem naye ilimpasa atafute maji yake. Alikuwa na kiwanda cha kusafishia sandarusi mjini kwake: iliogeshwa katika maji makali ya magadi, ikasuguliwa, na ile ya kweli ikatoka na vipele vidogo vidogo juu yake, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Chakazi haina vipele hivyo. Hii ni rajamu isiyopigwa na mkono wa mtu, na sijapata kusoma kwamba kuna aliyeweza kuighushi. Hivyo chombo kimoja kilikwenda na kurudi kikiwa na shaka mbili ndani yake, ya nguo na ya gundi, na kila shaka ilikuwa na dawa yake ya kuoshwa.

Baada ya mwaka wa 1861 mambo yalibadilika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, vikadumu hadi 1865, na pamba ikapanda bei duniani kote. Nguo ya Massachusetts ikawa haba Unguja, na nafasi yake ikaanza kujazwa na nguo za Uingereza, kisha kwa wingi zaidi na nguo za Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha pamba cha mvuke kilichofanikiwa kilikuwa kimeanzishwa na Cowasji Davar mwaka wa 1854. Hata kufika miaka ya 1880 Bombay ilikuwa imeshika soko. Sasa, kwa mtu wa lugha kama mimi, jambo la kutazamwa ni maneno. Wahindi walifuma nguo kwa kuiga marekani, na nguo hiyo ilipata jina lake yenyewe: gamti. Aliyeomba gamti alijua anaomba nini, na aliyeiuza hakuwa na haja ya kuapa uongo. Ilikuwa nguo ya kuiga isiyokuwa ya bandia. Nadhani tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyoipa uzito katika mazungumzo yetu ya siku hizi, ambamo kila kilichoigwa tunakitia katika kapu moja.

Na neno marekani lenyewe likapatwa na safari ya ajabu zaidi. Lilianza likitaja nchi nguo inakotoka. Kidogo kidogo likaacha kutaja nchi, likataja namna ya nguo: nzito, ya pamba, isiyopaushwa. Baina ya vita vikuu viwili Wajapani waliishusha kwa wingi katika bandari za Afrika ya Mashariki, na watu wakaiita marekani vilevile, hakuna aliyedanganywa. Muhuri uliobishaniwa mwaka wa 1835 ulikuwa umeyeyuka ndani ya lugha. Bibi aliyenunua jora la marekani lililotoka Osaka hakusema uongo wala hakuambiwa uongo. Neno lilikuwa limehama.

Kwa kuwa nimeingia katika maneno, nisameheni niongeze machache. Bandia, neno tunalolitumia leo kwa fedha ya uongo, dawa ya uongo na programu ya uongo, katika kamusi za zamani ni mwanasesere, mtoto wa kuchezea. Hakuna mzazi aliyemlaumu mwanasesere kwa kutokuwa mtoto. Ghushi tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina harufu ya soko tangu mwanzo: ni kuchanganya kibovu na kizima, kama maziwa na maji. Vijana wa Mtwara husema feki. Katika hayo matatu, ghushi ndilo linalomfaa mwanahistoria, kwa sababu linamtaja mtu anayefanya kitendo. Bandia linakitaja kitu tu, na kitu hakina dhambi.

Sasa nirudi katika kompyuta, na niseme wazi kwa nini naona bidhaa hii mpya si jora jipya la marekani tu. Zamani programu haikuwa bidhaa. Ilikuja pamoja na mashine, kama maji yanavyokuja na kisima, mpaka kampuni ya IBM ilipotangaza, mwezi wa Juni 1969, kwamba itauza baadhi ya programu mbalimbali na mashine zake. Mwezi wa Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta ndogo akiwalaumu kwamba wengi wao wanatumia programu ya kampuni yake bila ya kulipa. Programu yenyewe ilikuwa imeandikwa juu ya utepe wa karatasi wenye matundu, na utepe mmoja ulizaa mingine kwa dakika chache. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka wa 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka wa 1974 serikali, baada ya hasara na usumbufu, ikazuia uingizaji wa mashine hizo, na kizuizi hicho kilituchelewesha miaka mingi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka wa 2008, na Julai 2009 waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Baada ya hayo mawili, mtu wa Msimbati aliweza kununua kitu kwa mtu wa upande wowote wa dunia bila ya jahazi, bila ya tajiri wa Mikindani, na bila ya robota.

Tazama basi kilichopotea njiani. Nguo ya uongo ilikuwa nguo mbaya. Sandarusi ya uongo ilikuwa gundi laini. Programu niliyouziwa mimi haikuwa mbaya hata kidogo. Ilikuwa ileile, herufi kwa herufi, iliyotungwa na kampuni yenyewe, na ningaliiosha kwa magadi ya Salem siku arobaini isingalitoa kasoro. Uongo haukuwamo katika kitu, ulikuwamo katika ruhusa ya kukitumia. Na ruhusa haina uzito mkononi, haina sauti ikichanwa. Kwa muda fulani, miaka ya 1990 na baadaye, makampuni yalijaribu kuipa ruhusa mwili: yalitoa vyeti vyenye picha zinazong'aa na kubadilika rangi zikigeuzwa kwenye mwanga. Waghushi wakajifunza kutengeneza picha hizo nazo. Leo hata cheti hakipo, kuna tarakimu tu, na tarakimu hazina chapa iliyo nzuri wala mbaya.

Ndiyo maana hukumu nayo imehama. Mwaka wa 1835 aliyemgundua mghushi alikuwa mnunuzi. Alimwadhibu kwa kuacha kununua, na mwenye kiwanda cha Massachusetts, bila ya kujua wala kugharimia, akatetewa na watu wa Unguja. Mwaka wa 2021 aliyegundua alikuwa mwenye kiwanda. Mashine yake iliyo mbali iliona kwamba ufunguo mmoja unafungua milango mingi kupita kiasi, ikaufuta. Na adhabu ya kwanza haikumwangukia aliyeghushi, kwa kuwa yeye alikwisha kupokea fedha na kuondoka. Ilituangukia sisi tulionunua. Silaumu kwamba kampuni ilijilinda. Nasema tu kwamba katika mpango huu mpya mnunuzi asiyejua ndiye aliye karibu na mkono wa mwenye haki, kwa hiyo ndiye apigwaye.

Sheria zipo, na hazikuanza leo. Waingereza, ambao wafumaji wao walituhumiwa na Ruschenberger, walitunga sheria ya rajamu za bidhaa mwaka wa 1862, wakaikaza mwaka wa 1887. Bunge la Tanganyika lilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa mwaka wa 1963, na katika siku zetu Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya mwaka wa 2003, hukamata bidhaa za bandia na kuziteketeza hadharani: wino, betri, viatu, taa. Hakimiliki ya programu inalindwa kwa sheria ya mwaka wa 1999, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa udanganyifu wa mitandaoni na uvunjaji wa haki za wabunifu. Lakini mkaguzi wa bidhaa ni mtu wa bandari na ghala. Hufungua kontena, hulinganisha rajamu na rajamu. Ufunguo wangu haukupita gati la Mtwara. Ulipita katika simu yangu, nikiwa nimeketi chini ya mnazi, na hapakuwa na afisa wa forodha baina yangu na muuzaji isipokuwa akili yangu mwenyewe. Akili yangu ilikuwa imetosheka na Kiswahili chake fasaha. Mwalimu wa lugha naye ana udhaifu wake.

Wako watakaoniambia kwamba bei ilipaswa kunizindua. Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi na siikubali yote. Bei ya dukani ya programu zile imepangwa kwa mishahara ya nchi nyingine. Kwa mwanafunzi wa Mtwara ni chakula cha wiki nyingi. Mtu anayeishi katika soko ambalo bei ya haki humshinda daima hupoteza kipimo cha bei ya shaka. Tajiri wa Mikindani alijua jora moja la marekani ni kiasi gani Unguja, akajua pia likiuzwa nusu ya hapo pana jambo. Sisi hatuna Unguja ya kuulizia. Tuna bei moja isiyofikika na bei nyingine nyingi zinazofikika, na hatuna njia ya kujua ni ipi kati ya hizi iliyo na mtu mkweli nyuma yake.

Katika hali hiyo neno gamti limenirudia mara nyingi. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa, kwa mradi ulioitwa Kilinux, programu ya kuandikia iliyotiwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ilikuwa programu huria, yaani watungaji wake wamemruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kuigawa bila ya malipo. Ilifanya kazi zilezile za programu mashuhuri ya kulipiwa, iliyafungua mafaili yake, lakini haikuvaa jina lake wala rajamu yake. Katika ukoo wa programu hiyo ya asili imezaliwa LibreOffice tangu mwaka wa 2010. Nakiri kwamba kwa miaka mingi mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliipita bidhaa hii ya Kiswahili nikiidharau, kama labda alivyoidharau gamti yule aliyezoea Massachusetts. Niliona ni kitu cha wasio na uwezo. Nilikwenda nikatoa fedha zangu kwa rajamu niliyoizoea, rajamu ile ikawa ya uongo, ilhali nguo isiyokuwa na uongo ilikuwa imetandikwa chuoni kwetu bila ya bei.

Mwanafunzi yule aliyekataa fedha aliimaliza tasnifu yake katika programu huria, kwenye kompyuta ya maktaba, akaiwasilisha kwa kuchelewa wiki tano. Wenzake wawili walinunua tena, dukani, kwa bei kamili. Mmoja wao aliuza simu yake ili atimize fedha. Orodha ya maneno ya wavuvi nayo nimeihamisha. Majedwali yalivurugika kidogo katika kuhama: kusi ilikuwa imeangukia mstari wa kaskazi, na majina ya samaki yalijipanga chini ya majina ya nyavu. Nilichukua madaftari yangu ya Msimbati, nikayaweka kando ya kompyuta, nikaanza kuyapanga upya neno moja moja kwa mkono, nikianzia na pepo.